Koo Likianza Kuuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tiba za Nyumbani

Maumivu ya koo huanza kwa ishara ndogo. Unameza mate na kuhisi kitu kinakwaruza, au unaamka kinywa kikavu na koo likiwaka. Saa hizo za mwanzo watu wengi huzipoteza kwa kusubiri tu, au kwa kumeza kila kitu kilichopo jikoni kwa mpigo. Hapa tunajibu kuhusu vitu vichache vinavyosaidia kweli, vile vinavyoumiza badala ya kutuliza, na aina ya koo ambalo si la kutibiwa nyumbani.

Koo limeanza kuwasha leo. Nianzie wapi?

Anza kwa kusukutua koo na maji ya chumvi ya vuguvugu, kisha kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Jioni ramba kijiko cha asali, na ulale mapema kuliko kawaida. Kwa watu wengi mpango huo wa siku ya kwanza unatosha kabisa.

Pili, acha kulichokoza koo. Sigara, moshi, vumbi, pombe, pilipili, kupaza sauti, na lile zoea la kukohoa kwa makusudi ili "kusafisha koo", vyote vinakwaruza utando ambao tayari umevimba. Mtu anaweza kunywa vikombe vitano vya tangawizi kwa siku, lakini kama bado anavuta sigara, nafuu ataisikia kwa wenzake tu.

Na jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: kumbuka tarehe koo lilipoanza kuuma. Utaona mbele kidogo kwa nini tarehe hiyo ina thamani, hasa mgonjwa akiwa mtoto.

Maji ya chumvi yanachanganywaje?

Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji ya vuguvugu, yaani kama mililita 240. Koroga hadi chumvi iyeyuke yote. Chukua fundo moja, inamisha kichwa nyuma, toa sauti ya "aaa" ili maji yachezecheze kooni kwa sekunde 15 hadi 30, kisha tema. Endelea hivyo hadi glasi iishe. Rudia mara tatu au nne kwa siku.

Kosa la kwanza ni kusukutua mashavu badala ya koo. Maji yanatakiwa kufika nyuma kabisa, karibu na kilimi, kwenye sehemu inayouma. Kosa la pili ni kuongeza chumvi kwa kudhani kwamba ikizidi ndiyo itafanya kazi haraka. Maji yenye chumvi nyingi hukausha koo na kulichoma, na ukiyameza yanaweza kukutapisha.

Chumvi husaidia kwa njia rahisi: huvuta maji kutoka kwenye nyama iliyovimba, hivyo uvimbe hupungua kidogo, na hulegeza ute mzito ulionata. Nafuu yake hudumu muda mfupi, ndiyo maana inabidi kurudia. Hata maji matupu yana faida yake: utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watu waliozoea kusukutua koo kwa maji ya kawaida kila siku walipata mafua mara chache kuliko wasiofanya hivyo.

Mtoto mdogo asipewe zoezi hili. Wengi walio chini ya miaka 6 hawajui bado kusukutua koo bila kumeza au kupaliwa.

Je, tiba hizi zinaua vijidudu?

Hapana, na ni muhimu kulisema wazi. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, vile vile vya mafua na homa za kawaida. Anayewashinda virusi hao ni kinga ya mwili wako. Bila dawa yoyote maalumu, watu kama 8 kati ya 10 hupona ndani ya wiki moja.

Sasa kuwahi kuna maana gani? Kuna maana kubwa. Koo likiuma mtu huacha kunywa maji. Asipokunywa, koo linakauka. Likikauka, linauma zaidi, na usiku halali. Ukianza mapema kutuliza maumivu, unaukata mzunguko huo kabla haujakuzidi nguvu. Unakunywa, unakula, unalala, na mwili unapata nafasi ya kufanya kazi yake. Mtu anayekuahidi kwamba mchanganyiko wake "unaua" maambukizi kwa saa 24 anakuahidi asichoweza kukitoa.

Asali inasaidia kweli, au ni imani tu?

Inasaidia. Uzito wake hufunika utando wa koo na kuzuia ule mwasho unaochochea kikohozi. Kwa upande wa kikohozi, ushahidi ni mzuri kiasi kwamba mwongozo wa taasisi ya afya ya NICE ya Uingereza uliotolewa mwaka 2019 unaitaja asali miongoni mwa vitu ambavyo mtu mwenye kikohozi cha muda mfupi anaweza kujaribu. Na kwa kuwa koo nyingi huuma zaidi kwa sababu ya kukohoa usiku kucha, kijiko kimoja kabla ya kulala kina thamani kubwa.

Mtu mzima anaweza kuramba kijiko kimoja cha chai, polepole, bila kuharakisha kunywa maji juu yake. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja apewe nusu kijiko hadi kimoja. Ukiichanganya na kinywaji, iweke kinywaji kikishapoa kiasi cha kunyweka. Asali ikipashwa moto haigeuki sumu kama wengine wanavyoogopa, ila hupoteza ladha na harufu yake.

Mtoto wangu ana miezi minane. Kidogo tu cha asali kitamdhuru?

Usimpe. Hata ya kuchovya kidole, hata iliyochemshwa, hata iliyotoka kwenye mzinga mbele ya macho yako. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huwadhibiti, lakini utumbo wa mtoto aliye chini ya miezi 12 bado haujakomaa, na humo mbegu hizo huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ile ya kupumua. Kuchemsha kwa kawaida nyumbani hakuziui.

Mtoto wa umri huo mwenye koo linalouma mnyonyeshe mara nyingi zaidi, msafishe pua kwa matone ya maji safi ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na mpeleke akaonwe na mtaalamu. Akiwa chini ya miezi mitatu na joto la mwili likafika nyuzi 38, usisubiri hata saa moja.

Na tangawizi na limau?

Vinywaji hivi vinapendwa, nami navipenda pia, lakini sifa zake nyingi ni za kinywaji chenyewe kuwa cha uvuguvugu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walilipima jambo hili mwaka 2008: kinywaji kilekile cha matunda kilipotolewa kikiwa cha moto, wagonjwa wa mafua walisema koo, kikohozi na ubaridi mwilini vimepungua, kilipotolewa kikiwa na joto la chumba, nafuu ya koo haikuonekana.

Kata vipande vichache vyembamba vya tangawizi, vichemshe kwa dakika kumi, chuja, acha ipoe kidogo, ongeza asali. Isiwe kali ya kukutoa machozi. Ukali huo ni mwasho mwingine juu ya mwasho ulionao. Limau kamulia kiasi cha kuleta ladha tu. Koo lenye michubuko litachomwa na asidi yake, na mwenye kiungulia ataamka na maumivu zaidi kuliko aliyolala nayo. Ukishamaliza kunywa, suuza kinywa kwa maji matupu ili kulinda meno.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asinywe tangawizi nyingi kila siku bila kumuuliza daktari wake.

Vinywaji viwe vya moto kiasi gani? Na vya baridi ni marufuku?

Viwe vya vuguvugu. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Hiyo ni hatari ya mazoea ya miaka mingi, lakini hata leo chai inayounguza ulimi haiwezi kuliponya koo lililovimba.

Cha baridi si marufuku hata kidogo. Baridi hupunguza hisia ya maumivu kama vile barafu inavyotuliza kifundo kilichoteguka. Mtoto aliyekataa kila kitu mara nyingi hukubali maji baridi au kinywaji kilichogandishwa. Wazo kwamba maji baridi ndiyo yaliyoleta ugonjwa halina msingi. Ugonjwa umeletwa na vijidudu vilivyotoka kwa mtu mwingine. Tumia kile ambacho koo lako linakipokea.

Nimeambiwa nitafune kitunguu saumu kibichi au ninywe siki. Ni sawa?

Ningekuomba usifanye. Kitunguu saumu kibichi kikikaa mahali pamoja huunguza ngozi laini, na koo lililovimba ni laini kuliko ngozi yoyote. Kwenye supu, kikiwa kimepikwa, unaweza kukila bila wasiwasi. Siki isiyozimuliwa nayo huunguza umio na kula meno, na sijaona sababu ya kuichagua wakati maji ya chumvi yapo.

Karafuu ni habari nyingine. Ina eugenol, kemikali inayotia ganzi kidogo, na mtu mzima akinyonya punje moja huweza kupata nafuu ya muda. Mafuta ya karafuu ni kitu tofauti kabisa: ni makali mno na yakimezwa na mtoto huweza kuharibu ini. Yaweke mbali na watoto. Vilevile usipake mafuta ya taa, dawa ya kuulia vijidudu ya vidonda, wala kitu chochote kwa kidole au pamba ndani ya koo. Unaweza kuchana uvimbe na kuanzisha damu au maambukizi mapya.

Kujifukiza kunasaidia?

Hewa yenye unyevu huleta raha kwa koo kavu na pua iliyoziba, lakini hakuna ushahidi wa maana kwamba mvuke hufupisha ugonjwa. Kinachonitia hofu ni sufuria. Watoto wengi wameungua vibaya uso, kifua na mapaja kwa sababu chombo cha maji yaliyochemka kilipinduka wakiwa wamefunikwa shuka. Mtoto asifukizwe kwa njia hiyo kabisa. Mkalishe bafuni wakati maji ya moto yanatiririka, ukiwa naye, mlango umefungwa. Mtu mzima akitaka, aweke bakuli mezani palipo imara, akae mbali kidogo, na asijifunike.

Nile nini wakati kumeza kunauma?

Vitu laini na visivyo na ncha: uji, supu, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, mtindi, mayai laini. Epuka vikavu vinavyokwaruza. Maneno kwamba maziwa huongeza makohozi hayana uzito. Huacha tu hisia ya utelezi kinywani. Chakula kikikushinda kwa siku mbili si janga. Maji yakikushinda ni jambo la haraka.

Je, naweza kuchanganya tiba hizi na dawa ya maumivu?

Ndiyo, na mara nyingi ni busara. Wapo wanaojitesa kwa kudhani kwamba kumeza paracetamol ni kuisaliti tiba ya asili. Hakuna mgongano wowote kati yake na asali au maji ya chumvi. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, hesabu na ile paracetamol iliyomo kwenye dawa za mafua, na kwa mtoto pima kulingana na uzito au umri wake. Aspirini asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Pipi za kunyonya za koo zisipewe watoto walio chini ya miaka 4, zinaweza kuwakaba.

Nitajuaje kama ni virusi au bakteria?

Kwa kuangalia tu huwezi kuwa na uhakika, hata daktari hawezi. Lakini dalili zinaelekeza. Ukiwa na mafua yanayotiririka, chafya, kikohozi, sauti iliyokauka au macho mekundu, elekea upande wa virusi. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Robert Centor, alipendekeza dalili nne zinazoongeza uwezekano wa bakteria aina ya streptokoka kwa watu wazima: homa, kutokuwepo kwa kikohozi, usaha au madoa meupe kwenye mafindofindo, na matezi ya mbele ya shingo yaliyovimba na kuuma ukiyagusa. Mwenye sifuri au moja kati ya hizo ana uwezekano mdogo. Mwenye tatu au nne anastahili kupimwa, maana hata mwenye zote nne si lazima awe nao.

Streptokoka huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Miongoni mwa watoto wanaoumwa koo, kama 3 kati ya 10 huwa na bakteria hao. Kwa watu wazima ni kama 1 kati ya 10.

Hapa ndipo ile tarehe niliyokuomba uikumbuke inapohitajika. Streptokoka isipotibiwa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili huchanganyikiwa, na wiki moja hadi tano baadaye huanza kushambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Ugonjwa huo ni homa ya baridi yabisi, na huweza kuacha vali za moyo zimeharibika maisha yote. Wakati huo koo limeshapona, hakuna anayelikumbuka tena. Habari njema ni kwamba penisilini ikianzishwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia madhara hayo. Kwa hiyo huna sababu ya kukimbilia antibayotiki saa ya kwanza, na una nafasi ya kutuliza koo nyumbani siku moja au mbili huku ukiangalia. Lakini mtoto mwenye homa, koo linalouma ghafla na hana kikohozi wala mafua, asivushwe wiki nzima kwa tangawizi. Apimwe.

Nina antibayotiki zilizobaki kutoka safari iliyopita. Nimeze?

Usimeze. Kama ni virusi, hazitafanya lolote zaidi ya kukuharishia tumbo na kuwafundisha bakteria wengine mwilini usugu. Kama ni streptokoka, vidonge vichache havitoshi. Dozi ya penisilini kwa kawaida huwa ya siku 10, na huendelea hata baada ya maumivu kuisha.

Ni dalili zipi zinanitaka niache tiba za nyumbani na kwenda hospitali?

Nenda mara moja, usiku au mchana, ikiwa mgonjwa anapumua kwa shida au anatoa sauti ya mkoromo anapovuta hewa, anadondokwa na mate kwa sababu hawezi kuyameza, hawezi kufungua kinywa vizuri, anaongea kama mwenye kiazi cha moto kinywani, au shingo imekakamaa au imevimba. Usimlazimishe kulala chali wala kumchunguza koo kwa kijiko. Mwache akae mkao anaouona rahisi na umpeleke. Utando wa kijivu uliong'ang'ania kooni unaweza kuwa dondakoo, na huo ni ugonjwa wa dharura hasa kwa asiyechanjwa.

Ndani ya siku hiyo hiyo aonwe mwenye vipele vyekundu vinavyokwaruza kama msasa, mwenye maumivu makali ya upande mmoja tu, na yule ambaye hajakojoa kwa muda mrefu. Homa ya zaidi ya siku tatu, au koo lisilopata nafuu baada ya wiki, nalo linahitaji kupimwa. Anayetibiwa saratani, mwenye kinga dhaifu, au anayetumia carbimazole kwa ajili ya tezi la shingo asijaribu kujitibu hata siku moja: kwake koo kuuma huweza kuwa ishara ya kwanza kwamba chembe nyeupe za damu zimeshuka mno.

Mimi ni mjamzito. Na mwenye kisukari au presha je?

Maji ya chumvi, asali ya kiasi na vinywaji vya vuguvugu havina shida kwa mjamzito. Paracetamol ndiyo ya kwanza kufikiriwa akihitaji dawa, si ibuprofen. Mitishamba iliyokolezwa sana aiache. Mwenye kisukari aihesabu asali kama sukari, kwa sababu ni sukari. Mwenye presha asukutue kwa chumvi bila hofu, mradi ateme kila tone.

Nawezaje kutowaambukiza walio nyumbani?

Nawa mikono kwa sabuni, kohoa kwenye kiwiko, usishiriki kikombe, kijiko wala taulo. Kama ni streptokoka, kwa kawaida mtu huacha kuambukiza baada ya saa 12 hadi 24 za dawa.

Sauti imepotea kabisa. Ninong'one?

Hapana, kunong'ona kwa nguvu hukaza nyuzi za sauti. Nyamaza, na ukilazimika kusema, sema kwa sauti ya chini ya kawaida. Sauti ikibaki imekauka zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mvutaji sigara, lazima koo litazamwe ndani na mtaalamu.

Koo langu hupona kisha hurudi kila baada ya wiki chache. Kwa nini?

Mara nyingi si maambukizi yaleyale. Chunguza kama unaamka nalo kisha linatulia mchana: huenda unalala kinywa wazi kwa sababu pua imeziba, au asidi ya tumbo inapanda usiku. Jaribu kumaliza kula muda wa saa tatu hivi kabla ya kwenda kulala na kuinua upande wa kichwa wa kitanda. Likiambatana na chafya na macho kuwasha, fikiria mzio, vumbi au moshi. Kama ni mafindofindo yenye homa na usaha kila mara, andika tarehe za kila shambulio. Madaktari huanza kufikiria kuyaondoa mafindofindo mtu anapofikisha mashambulio 7 ndani ya mwaka mmoja, au 5 kwa kila mwaka katika miaka miwili mfululizo, au 3 kwa kila mwaka katika miaka mitatu, na ukifika kwa daktari, karatasi yenye tarehe zako itamsaidia kuliko maelezo ya kukumbuka kichwani.